Nambari Iliyoandikwa Kwenye Mkuki

Nadhani wengi wenu mmekwisha kusikia ya kuwa chama chetu cha michezo kimepata fedha za kununua mkuki wa kurusha. Ni mmoja tu, wala hatutazamii mwingine kwa miaka kadhaa. Mwalimu wetu wa michezo ametutaka sisi wa darasa la sita tumpe shauri, uagizwe wa namna gani, na tangu siku ile bwenini kwetu hakuna anayelala mapema. Walio wengi wanataka ule ulioandikwa 90. Hoja yao ni kwamba wapinzani wetu wa upande wa pili wa mji wanao wa 80, basi sisi tukiwa na wa 90 tutawapita kwa mita kumi. Kama hesabu hiyo ingekuwa kweli, mtu angeandika 200 juu ya mti wa muhogo akawa bingwa wa dunia.

Mimi nashika upande wa mkuki wa 60, na hapa nitaeleza sababu zangu. Atakayesoma mpaka mwisho na bado akautaka wa 90, na aje tubishane uwanjani.

Kwanza tuutazame mkuki wenyewe. Mkuki wa michezo si lile icumu la babu zetu. Icumu lilitengenezwa ili lipige kitu na kuingia. Mkuki wa michezo umetengenezwa ili uende mbali na kufika kwa ncha, basi. Wa wanaume una uzito wa gramu 800 na urefu wa mita 2.60 hata 2.70, wa wanawake una gramu 600 na urefu wa mita 2.20 hata 2.30. Wavulana walio chini ya miaka 18 hutumia wa gramu 700. Mbele una kichwa cha chuma chenye ncha. Nyuma ya kichwa ni mti wake, ambao siku hizi si mti tena bali ni bomba la alumini, au la feleji, au la nyuzi za kaboni. Karibu na katikati imezungushwa kamba ya kushikia. Kamba hiyo haikuwekwa popote tu. Ukiulaza mkuki juu ya kidole kimoja mpaka utulie kama mzani, utaona kidole chako kiko chini ya kamba. Hapo tupaite kitovu cha uzito. Katika mkuki wa wanaume, sheria yataka kitovu hicho kiwe kati ya sentimita 90 na 106 kutoka kwenye ncha.

Kuna na kitovu cha pili, ambacho hakionekani wala hakipimwi kwa kidole. Mkuki urukapo haupiti hewani kama sindano ipitavyo katika kitambaa. Pua yake huinuka kidogo kuliko njia unayoifuata, na kwa sababu hiyo hewa huusukuma toka chini, urefu wake wote. Misukumo hiyo yote ukiijumlisha ni kana kwamba mkono mmoja unausukuma mkuki mahali pamoja, na mahali hapo ndipo kitovu cha hewa. Basi, kitovu cha hewa kikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, mkia huinuliwa na pua hushuka. Vitovu hivi viwili vikikaribiana sana, hakuna kinachoinama. Mkuki huelea, huelea, na mwisho hulala juu ya majani kwa tumbo kama mamba. Wanaojua mishale wataelewa upesi. Manyoya ya mkiani huwekwa ili hewa iushike mshale kwa nyuma, usije ukageuka njiani.

Umbali wa kutoka kitovu kimoja mpaka kingine ni sentimita chache tu, na hauko vile vile wakati wote, maana mkuki ukibadili pembe yake hewani na kitovu cha hewa husogea. Lakini sentimita hizo chache ndizo zinazofanya mkuki mmoja uwe mpole na mwingine uwe mkaidi.

Sasa tuje kwenye nambari. Watengenezaji huandika juu ya mikuki yao 50, 60, 70, 80 au 90. Wenzangu huisoma nambari hiyo kama ahadi: huu utakupeleka mita 90. Maana yake ni nyingine kabisa. Nambari yaeleza mkuki umetengenezewa mkono wa nani. Wa 60 umepangwa ili uinamishe pua kwa wakati wake mikononi mwa mtu arushaye karibu na mita 60. Wa 90 umepangwa kwa mtu wa mita 90. Ni mwembamba zaidi ili hewa isiuzuie, ni mgumu zaidi usitetemeke, tena hauna haraka ya kuinamisha pua, kwa kuwa mwenyewe anataka uendelee kuruka wakati wetu sisi ungalikuwa umekwisha kuchomeka ardhini.

Msomaji atauliza: je, mkuki wajuaje ni nani aliyeurusha? Hujua kwa mwendo. Tuliosoma fizikia tunakumbuka ya kuwa nguvu ya hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tuiache hewa kando kwanza, tufanye hesabu ya darasani. Kitu kikirushwa kwa pembe ya digri 45 na mwendo wa mita 20 kwa sekunde, chafika kama mita 41. Kwa mita 30 kwa sekunde, chafika kama mita 92. Warushaji hodari hutumia pembe ndogo zaidi, yapata digri 35, na hewa nayo huongeza hapa na kupunguza pale, lakini hesabu hiyo haiko mbali na kweli. Basi mtu wa mita 90 huutoa mkuki mkononi kwa mwendo unaokaribia mara moja na nusu ya mwendo wa mtu wa mita 40. Moja na nusu kwa moja na nusu ni mbili na robo. Hewa inausukuma mkuki wa bingwa kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile inayousukuma wa kwetu. Kwake yeye umbali mdogo sana kati ya vitovu viwili watosha kuinamisha pua. Kwetu sisi umbali huo huo hautoshi. Nguvu ya kuinua mkia haipo, na mkuki wafika chini ungali umelala. Na mkuki usiotanguliza kichwa chake cha chuma hauhesabiwi, hata ungalifika ziwani.

Mambo haya yamewahi kuwatoa jasho wakubwa wa michezo duniani. Zamani mikuki ilikuwa ya mti hasa, na myembamba. Kisha Mmarekani Bud Held, pamoja na ndugu yake Dick, walitengeneza mkuki mnene kidogo, wenye uwazi ndani. Unene ule uliipa hewa mahali pa kushika, na mwaka 1953 Bud Held akawa mtu wa kwanza kurusha zaidi ya mita 80. Toka hapo kila mtengenezaji alitafuta mkuki unaoelea kuliko wa mwenzake. Tarehe 20 Julai 1984, katika mji wa Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani ya Mashariki alirusha mita 104.80. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105 hivi; fikiri basi hali ya watu waliosimama upande wa pili wakingojea zamu yao ya kuruka juu! Tena mikuki ile ilipenda kutua kwa tumbo, na waamuzi walikuwa hawaishi kugombana na warushaji, huyu akisema ncha imetangulia na yule akikataa.

Ndipo chama cha riadha cha dunia kilipobadili sheria. Kuanzia mwaka 1986 kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume kilisogezwa mbele kwa sentimita 4. Sentimita nne, yaani upana wa vidole viwili vya mkono wangu! Pua ikawa nzito, mikuki ikaanza kushuka kwa ncha, na rekodi ya kwanza ya mkuki mpya, aliyoiweka Klaus Tafelmeier mwaka ule ule, ilikuwa mita 85.74 tu. Mkuki wa wanawake ulirekebishwa hivyo hivyo mwaka 1999.

Lakini werevu hawalali. Miklós Németh wa Hungaria, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1976, alitengeneza mikuki yenye mikwaruzo mkiani. Hewa ipitapo juu ya mikwaruzo haiushiki mkia kama ipitapo juu ya mkia laini. Kwa hiyo mkia hauinuliwi sana, na pua hukawia kushuka. Kwa mikuki ya namna hiyo Seppo Räty wa Finland alifika mita 96.96 mwaka 1991. Mwaka ule ule mikwaruzo ikapigwa marufuku na rekodi zake zikafutwa. Mimi nilipoisoma habari hii nilicheka, maana ni kama kijana aliyekatazwa kutoka kwa mlango akapita dirishani. Rekodi inayosimama mpaka leo ni ya Jan Železný wa Ucheki, mita 98.48, aliyoiweka mwaka 1996 mjini Jena, kwa mkuki uliofuata sheria.

Katika Afrika ya Mashariki yetu, jina la kutajwa ni moja: Julius Yego wa Kenya, mzaliwa wa nchi ya Wanandi. Kwao watu wote hukimbia, naye akachagua mkuki. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumfundisha, alijifunza kwa kutazama filamu za mabingwa katika intaneti, hata watu wakampa jina la utani kwa ajili hiyo; baadaye alipata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi Finland. Mwezi Agosti 2015, katika mashindano ya dunia mjini Beijing, alirusha mita 92.72 na kupata medali ya dhahabu, na wa pili wake alikuwa Mwafrika mwenzake, Ihab Abdelrahman wa Misri, kwa mita 88.99. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, alipata fedha kwa mita 88.24. Wenzangu humtaja Yego kila wanapoutetea mkuki wa 90. Nami namtaja kwa kuukataa. Mtu wa mita 92 na mkuki wa 90 wanafaana. Je, katika shule yetu nzima yuko wa mita 60? Bora wetu wa mwaka huu hajafika hapo, na yeye ndiye bora.

Wala sisemi kwa vitabu tu. Mwanzoni mwa muhula huu, mkuki wetu mkongwe wa 60 haujagonga jiwe na kupinda, tuliazima wa 80 kwa rafiki zetu, tukairusha yote miwili kwa Jumamosi mbili. Tulikuwa vijana kumi na wawili. Mkuki wa 80 ulipendeza sana macho; ulipaa kimya, mwembamba kama unywele, na watazamaji wakapiga makofi kabla haujatua. Kisha ukatua kwa tumbo. Wa 60 ulikuwa ukiinama mapema, tena waziwazi, kama mtu anayeamkia wazee, na karibu kila mara ulichomeka. Waliopata mitupo mizuri kwa wa 80 walikuwa wawili. Mmoja ni kaka yetu wa darasa la tano mwenye mkono kama mchi, na kwake yeye, nakiri wazi, wa 60 ulichomeka mapema mno, na wa 80 uliupita kwa hatua nne. Wa pili nadhani alisaidiwa na upepo.

Hapo pana jambo ambalo sisi wa Rubavu yatupasa kulijua kuliko watu wa pwani. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi. Huko Mombasa barometa huonyesha milibari 1,013 au karibu yake; hapa kwetu huonyesha kama 850. Hata ukikumbuka kwamba kwetu ni baridi zaidi, hewa yetu ni nyepesi kuliko yao kwa sehemu moja ya saba hivi. Hewa nyepesi haiuzuii mkuki sana, na hiyo ni faida. Lakini pia haiubebi sana, tena haiuinui mkia kwa nguvu ile ile. Mkuki uinamao vizuri pwani utachelewa kidogo kuinama hapa. Basi mkono wetu ni mdogo, na hewa yetu ni nyepesi. Mambo yote mawili yanavuta upande mmoja, upande wa nambari ndogo. Mtu anayenunua mkuki kwa ajili ya uwanja ulio karibu na ziwa hili angetafuta unaopenda kuinama, wala asiutafute ule unaokawia.

Upepo nao una yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja mjini, usiku hugeuka. Uwanja wetu wa kurushia unaelekea ziwani, kwa hiyo mazoezi ya saa kumi alasiri huwa karibu kila siku ni ya kupingana na upepo. Mrushaji asiyejua huinua pua ya mkuki ili aupandishe juu ya upepo. Hiyo ndiyo njia ya kuuharibu, kwa maana hewa huushika tumboni, mkuki husimama kama farasi aliyeogopa, halafu huanguka. Upepo ukitoka mbele, teremsha pembe, utoboe. Upepo ukitoka nyuma waweza kuinua kidogo. Anayependa kujua mkuki hasa ulivyo, asubuhi na mapema kabla ya masomo hewa hutulia. Tena wakati ule Nyiragongo huonekana bila mawingu, jambo ambalo halimsaidii mrushaji lakini ni zuri.

Juu ya ugumu wa mti nitasema machache. Mkuki wa alumini hutetemeka baada ya kutoka mkononi, na mtetemo huo hula nguvu ambayo ingaliupeleka mbele. Wa feleji au wa nyuzi za kaboni hutetemeka kidogo zaidi. Ndiyo maana mabingwa hupenda mikuki migumu. Walakini mkuki mgumu hausamehe. Ukiuvuta kando badala ya kuusukuma katika mstari wake mwenyewe, kiwiko ndicho kinacholipa. Wa alumini ni mpole kwa wanaojifunza, na bei yake ni ndogo kuliko ya kaboni. Katika uwanja wetu, wenye mawe meusi ya volkeno yanayojitokeza kila baada ya mvua, sioni kwa nini tupeleke fedha nyingi kwenda kuzigongesha juu ya jiwe. Mkongwe wetu ulikufa kwa njia hiyo.

Wenzangu wa upande wa pili wana hoja moja yenye uzito, nami sitaificha. Wasema ya kuwa mkuki ni wa miaka mingi, na vijana hukua. Tukinunua wa 60 leo, mwaka ujao mikono itakuwa imeupita. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Lakini shule haikui kama mtu. Kila mwaka wakubwa huondoka na wadogo huingia, na mkono wa shule hubaki pale pale. Mkuki huu utashikwa na kijana wa darasa la tatu ambaye hajawahi kuona ncha ikichomeka, na akiona mara tatu nne imechomeka atarudi kesho yake. Akiona umelala kwa tumbo wiki nzima, atarudi kwenye mpira. Na kwa yule kaka yetu mwenye mkono kama mchi, rafiki zetu wa mkuki wa 80 wamekwisha sema watamwazima siku ya mashindano, mradi naye awaazime viatu vyake vyenye misumari.

Wako pia wasichana wetu watatu waliotaka kujua kama mkuki mpya utawafaa. Hautawafaa, maana wao wana wa kwao wa gramu 600, ulio mzima bado, nao umeandikwa 50. Tangu tulipoupata hawajalalamika hata siku moja kwamba hauchomeki.

Barua ya kuagiza itapelekwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Karatasi ya majina imebandikwa katika mlango wa chumba cha michezo, upande mmoja 60 na upande mmoja 90. Jana jioni nilihesabu: tuko tisa kwa kumi na sita. Anayetaka kupima mwenyewe kabla ya kuandika jina lake, wa 80 wa kuazima utakuwa uwanjani Jumamosi saa moja asubuhi. Mkongwe wetu nao utakuwapo. Tumeunyosha kwa moto na nyundo, haukunyoka vizuri, lakini kuinama kwa pua bado unajua.